Ukienda Dumaguete, Hesabu Siku Kuanzia Jumatano

Mara ya kwanza nilitua Dumaguete siku ya Alhamisi. Dada mmoja niliyefanya naye kazi jikoni Doha, ambaye ndiye aliyenichombeza niende kwao, alinicheka kwenye simu: "Umekosa gulio kwa siku moja." Nikadhani ananitania. Miaka miwili baadaye nilirudi, nikapanga safari nzima kuizunguka Jumatano, ndipo nikajua nilichokikosa.

Kwa asiyeujua, Dumaguete ni makao makuu ya mkoa wa Negros Oriental, Ufilipino ya kati. Watalii wengi hufika pale kupanda meli tu, wakikimbilia kisiwa cha Siquijor. Mimi mtu wa Tanga nilijikuta nyumbani: bahari mbele, milima nyuma, na watu wasiokimbizwa na chochote. Kuna Chuo Kikuu cha Silliman, kilichoanzishwa na wamisionari wa Kimarekani mwaka 1901, na penye wanafunzi wengi chakula cha bei ndogo hakikosekani.

Sisi wa Tanzania na Kenya huingia Ufilipino bila viza kwa siku 30, ila thibitisha kabla hujalipa, maana taratibu hizi hubadilika. Na usiende uwanjani bila tiketi ya kurudi. Mimi niliwekwa pembeni kaunta ya shirika moja la ndege, watu wananipita, huku nikihangaika kununua tiketi ya kurudi kwenye simu iliyobakiwa na chaji asilimia tisa. Ukishafika Manila, kuna ndege ya ndani ya saa moja na kitu. Ukiwa kisiwa jirani cha Cebu, panda basi la kusini mpaka Liloan kisha uvuke kwa meli nusu saa hivi. Mimi napenda njia ya basi, japo mgongo unaisikia.

Kosa langu la pili lilikuwa kukariri Kitagalogi, lugha ya Manila. Kule watu huongea Kisebuano, wenyewe wanakiita Bisaya. Nilimuuliza mama wa sokoni "magkano?", yaani bei gani kwa Kitagalogi, akanijibu kwa Kiingereza, kwa heshima zote. Siku ya pili nikauliza hilohilo kwa Kisebuano, "pila ni?", na mama yuleyule akanivutia kiti. Jifunze hilo, na jifunze "lugar lang, Nong", yaani nishushe hapa, kaka mkubwa. Utalihitaji kwenye pedicab, pikipiki yenye kibanda cha chuma ubavuni kinachobeba familia nzima na kuku wao. Si kama bajaji ya kwetu unayoikodi peke yako. Unamtajia dereva uendako. Kama si njia ya abiria aliowabeba, anatikisa kichwa na kuondoka. Hajakukasirikia, simamisha nyingine.

Kwa Waislamu wenzangu: nguruwe yuko kila mahali, hata kwenye supu ya mboga. Uliza "naa bay baboy?", yaani kuna nguruwe, kabla hujakaa. Mimi niliponea samaki wa kuchoma, na asubuhi nilikuwa wa kwanza kufika painitan, vibanda vya vinywaji vya moto ndani ya soko kuu. Wanakupa wali wa kunata ulioungwa kwa tui na kupikwa ndani ya jani la mgomba, kikombe cha sikwate, ambayo ni kakao nzito ya moto, na embe bivu pembeni. Unamega wali, unachovya kwenye kakao, unafuatishia embe. Bibi yangu angesema huko ni kuchezea chakula. Nilikula siku tano mfululizo.

Sasa Jumatano. Gulio la Malatapay liko Zamboanguita, kilomita 20 na ushei kusini mwa mji, ufukweni kabisa chini ya miti. Toka saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu upande wa mifugo ndio wenye utamu na jua likipanda umeisha. Wakulima wanashuka na ng'ombe, mbuzi na nyati wa kulimia. Nilimkuta mzee mmoja ameshika kamba ya nyati, mnunuzi anafungua mdomo wa mnyama kuangalia meno, anabonyeza mgongo, anaondoka, anarudi. Mzee hasemi kitu, anatafuna tu. Mara ya tatu walishikana mikono na noti zikahesabiwa juu ya mgongo wa nyati mwenyewe. Huko kando kuna samaki wakavu, mikeka, mapanga na tumbaku. Beba noti ndogo.

Halafu usirudi mjini! Ufukwe huohuo ndipo yanapoondokea mashua ya kwenda kisiwa cha Apo. Chombo hukodishwa kizima, kwa hiyo tafuta wenzako pale sokoni mchangie. Ni bangka, yenye mianzi kulia na kushoto, binamu kabisa wa ngalawa yetu. Nilikaa mbele kwa ushamba nikalowa mpaka pasipoti, basi wewe kaa nyuma na funga vitu kwenye mfuko wa plastiki. Kisiwani, mwanasayansi Angel Alcala wa Silliman na wavuvi wenyewe walianza kutenga sehemu isiyovuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na samaki wakaongezeka hata nje ya mpaka. Kasa wanakula majani ya bahari karibu na ufukwe, maji ya kifuani. Nilisimama nikaangalia mmoja akipanda kuvuta pumzi, akanitazama kama mwenye nyumba anavyomtazama dalali. Ni marufuku kuwagusa.

Jioni tembea Rizal Boulevard kando ya bahari, wapo wauza balut, mayai ya bata yaliyochemshwa yakiwa na kifaranga ndani. Balut nilimwachia mwenye moyo.

Zawadi ya kupeleka ni silvanas, biskuti za korosho zenye siagi tamu katikati, zinazouzwa zikiwa zimegandishwa. Nunua saa ya mwisho kabisa. Mimi nilinunua asubuhi, ndege ikachelewa, na boksi nililompelekea yule dada lilifika Doha likiwa uji. Alichukua kijiko.