Kumtafuta kinyonga wa pembe tatu usiku, Usambara Mashariki: kwa wanaoanza kazi

Mchana unaweza kupita chini ya kinyonga huyu mara kadhaa usimwone. Usiku mambo hubadilika: akilala rangi yake hupauka, na mwanga wa tochi humtoa waziwazi kati ya majani. Ndiyo maana kazi ya kumhesabu kinyonga huyu (jina lake la kisayansi ni Trioceros deremensis) huko Amani na misitu jirani huanza giza likishatanda, kuanzia saa moja na nusu hivi.

Shika tochi karibu na jicho, si kiunoni, ili mwanga uende moja kwa moja unakotazama. Tembea polepole sana na ukague ncha za vitawi pande zote mbili za njia. Wale vinyonga wadogo wa jamii ya Rhampholeon hulala chini zaidi, mara nyingi chini ya kiuno cha mtu, kwa hiyo usitazame juu tu. Mvua kubwa ikinyesha, ahirisha; majani yaliyolowa humeta na kukudanganya.

Ukimwona, usimguse kwanza. Funga utepe wenye namba kwenye tawi alilolala, kisha andika kimo kutoka ardhini, unene wa tawi, aina ya mti, saa na alama za GPS. Wageni wengi huharibu hapa: humkamata kwa furaha, tawi huruka juu, na kimo kinachoandikwa baadaye ni cha kukisia. Bila kimo hatujui anatumia tabaka gani la msitu. Tunabaki na idadi tu.

Usimvute. Kucha zimeng'ang'ania tawi na mkia umelizunguka, kwa hiyo kumvuta ni kumuumiza vidole. Weka kijiti mbele ya miguu ya mbele, mguse nyuma taratibu, apande mwenyewe. Pima kutoka pua hadi tundu la haja, halafu mkia peke yake. Uzito pima ndani ya mfuko wa kitambaa, na mfuko mtupu uupime upya kila mara kwa sababu huloa umande.

Jike hana pembe, lakini dume mchanga naye ana vinundu tu. Tazama shina la mkia: la dume limetuna. Ukiwa na shaka, andika "haijulikani". Hilo ni jibu halali kabisa. Jike mwenye tumbo lililojaa huenda ana mayai, usimbane.

Akianza kuwa mweusi na kuachama, acha vipimo vilivyobaki. Mrudishe kwenye tawi lilelile, hakikisha ameshika vizuri, ndipo ufungue utepe. Na kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania) pamoja na ruhusa ya hifadhi uwe navyo mfukoni kabla ya usiku wa kwanza.