Picha ya babu imetabasamu: maswali na majibu

Programu za akili mnemba zinazogeuza picha au maandishi kuwa video zimeleta maswali mengi. Nimeyafupisha, na yanayofanana nimeyaunganisha.

Nilipakia picha ya marehemu babu. Akageuza shingo, akapepesa macho, akatabasamu. Mama alilia. Programu imelijuaje tabasamu la babu?

Haikulijua. Samahani kuanza na habari hiyo. Programu ya aina hii iliyovuma sana ni Deep Nostalgia, iliyotolewa na MyHeritage Februari 2021. Ilitumia video fupi zilizorekodiwa mapema, ambamo watu wengine kabisa wanageuza kichwa na kutabasamu. Kompyuta hutambua sehemu muhimu za uso kwenye picha, kama pembe za macho, pua na midomo, kisha huzisogeza kwa kufuata nyendo za yule wa kwenye video. Palipokosekana kitu, mathalani meno yaliyofichwa na midomo iliyofumbwa, hubuni. Kwa hiyo sura ni ya babu, mwendo ni wa mtu ambaye hajawahi kukutana naye. Kama alikuwa na pengo, au alizoea kucheka kwa upande mmoja wa mdomo, video haina habari hizo.

Programu za sasa nyingi hazihitaji video ya kuongoza, lakini tabasamu bado ni la kukisia, safari hii kutokana na video nyingi mno ambazo mashine ilifunzwa. Mama asinyimwe faraja yake. Ila aambiwe.

Nikiandika sentensi tu, video inatoka wapi? Wanachukua vipande vya mtandaoni na kuviunga?

Hapana, haziungwi. Wakati wa mafunzo, mashine hupewa video halisi zenye maelezo yake, kisha video hizo huvurugwa makusudi kwa chenga, kama zile za televisheni iliyokosa mawimbi. Kazi ya mashine ni kukisia chenga zipi zimeongezwa. Ikirudia zoezi hilo mara nyingi kupita kiasi, inazoea namna mawimbi yanavyovunjika ufukweni au kanga inavyopeperuka.

Siku unapoandika sentensi yako, inaanza na chenga tupu na kuzisafisha hatua kwa hatua. Maneno yako yamegeuzwa kuwa namba, na namba hizo ndizo zinazoelekeza kila hatua ya usafishaji. Ukiongeza picha, picha hiyo inakuwa nanga: mara nyingi ndiyo fremu ya kwanza (fremu ni picha moja kati ya zile zinazoiunda video), na zinazofuata lazima zifanane nayo. Jambo la msingi ni kwamba kwa kawaida fremu hazitengenezwi moja moja. Husafishwa kwa pamoja, kila moja ikiangaliana na wenzake, ili shati jekundu la sekunde ya kwanza lisiwe la bluu sekunde ya tatu.

Kutounga vipande hakumalizi hoja ya haki, lakini. Video za mafunzo zilipigwa na watu, na wengi wao hawakuulizwa.

Kwa nini video ni za sekunde chache tu?

Ni gharama. Sekunde 5 kwa fremu 24 kila sekunde ni fremu 120. Pale ambapo kila kipande cha video kinalinganishwa na vingine vyote, kuongeza urefu mara mbili kunaweza kuongeza ulinganishaji huo mara nne. Stable Video Diffusion, programu ya kutengeneza video iliyotoka Novemba 2023, ilitoa fremu 14, au 25 kwa toleo la pili. Miezi mitatu baadaye kampuni ya OpenAI ikaonyesha programu yake Sora, yenye video za hadi dakika nzima. Wengine hurefusha kwa kuchukua fremu ya mwisho na kuanzia hapo, lakini makosa hurithiwa: uso ulioharibika kidogo unazidi kuharibika.

Niliomba ngalawa, nikaletewa mashua ya Kizungu. Tatizo ni Kiswahili changu?

Kwa sehemu. Maelezo mengi yaliyotumika kuzifunza programu hizi ni ya Kiingereza. Lakini hata ukitafsiri, mashine imeona ngalawa chache, kwa hiyo inaegemea ilichokizoea. Dawa ni kuanza na picha: piga ngalawa halisi, yenye tanga la pembetatu na matengo yake (mbao za kuizuia isipinduke) pande zote mbili, uipakie. Kisha maandishi yasieleze tena chombo, maana kinaonekana. Yaeleze mwendo peke yake: nini kinasogea, kuelekea wapi, upesi kiasi gani, na kama kamera imetulia au inafuata. Tendo moja kwa video moja. Ukiomba tanga litwekwe, nahodha apunge mkono na samaki aruke, utapata vurugu.

Mbona maji yanapanda kwenye glasi hata kumimina kukiisha, na vidole vinazaliana?

Kwa sababu mashine imejifunza mambo yanavyoonekana yakitokea, si kwa nini yanatokea. Hakuna mahali ilipoandikiwa kwamba maji hayaongezeki bila kumiminwa, wala kwamba kiganja kina vidole vitano. Vidole ni vigumu zaidi kwa kuwa hufichana na kufichuka kila mkono unapogeuka, na kila kinapofichuka kidole, kinakisiwa upya. Ukitaka kuikagua video unayoitilia shaka, fuatilia kitu kimoja kinachopita nyuma ya kingine, kisha uone kinatokeaje upande wa pili. Video iliyopita mtihani huo bado yaweza kuwa ya kutengenezwa, kwani matoleo mapya yanakosea kwa nadra zaidi.