Albamu mpya ya wakongwe: singo zisikupotoshe

Tangu Iron Maiden, bendi kongwe ya metali ya Uingereza, waachie albamu ya Senjutsu mwezi Septemba 2021, kila tetesi ya albamu nyingine ikizuka napokea swali lilelile: itakuwa kama zile za zamani? Kwa maoni yangu, swali hilo ndilo linalowaharibia watu albamu kabla hawajaisikia.

Shabiki akipata habari kwamba wazee wako studio, anakimbilia The Number of the Beast ya 1982 au Powerslave ya 1984. Anajishindilia wiki nzima, halafu siku ya siku anabonyeza wimbo wa kwanza akitegemea kumkuta mwimbaji wao Bruce Dickinson yule wa miaka ishirini na ushee. Dickinson kazaliwa 1958, jamani. Fanya kinyume: za zamani ziweke pembeni kwa muda, sikiliza albamu mbili za mwisho tu. Mwaka 1999 Dickinson na mpiga gitaa Adrian Smith walirudi kundini, magitaa yakawa matatu, na tangu hapo bendi imekuwa na mwendo mwingine. Nyimbo zimerefuka, utangulizi unakwenda taratibu, kiitikio kinarudiwa mpaka kikukae. Sikio likishazoea mwendo huo, albamu mpya haikushtui. Mimi huzimalizia kwenye daladala. The Book of Souls, iliyoitangulia Senjutsu, ina dakika 92, na foleni ya jioni kutoka Posta kwenda Mbagala inaimeza yote na chenji inabaki.

Sasa tuje kwenye singo, yaani wimbo unaotolewa peke yake kuitangaza albamu, maana hapa ndipo watu wanapogombana bure.

Julai 2021 wakatoa The Writing on the Wall. Gitaa lake lina ladha ya muziki wa mashambani wa Marekani, na mashabiki wakagawanyika palepale: hawa wanasema wazee wamechoka, wale wanasema hiki ni kibao cha mwaka. Ikafuata Stratego, haifiki hata dakika tano. Wengi wakatoa hukumu ya albamu nzima kwa hizo mbili, na zote ziko nusu ya kwanza! Nusu ya pili ina nyimbo nne, na tatu za mwisho kaziandika Steve Harris, mpiga besi na mwanzilishi wa bendi, peke yake. Hakuna hata mmoja kati ya hizo ulio chini ya dakika kumi.

Chukua Hell on Earth, unaofunga albamu. Unaanza kwa upole, nyuzi zinanong'ona, mpaka unaitazama simu ukidhani sauti imeshuka. Unasubiri. Ngoma zinaingia, magitaa matatu yanashika wimbo mmoja, na ukija kushtuka umeshapitiliza kituo. Kwenye ziara ya 2023 wimbo huo ndio waliokuwa wakirudi nao jukwaani baada ya kuaga. Nani angeubashiri kwa kusikiliza Stratego? Na The Book of Souls ya 2015 ilikuwa hivyohivyo: singo ilikuwa Speed of Light, dakika tano za kuchangamka, kumbe mwisho kabisa wa albamu kuna Empire of the Clouds, dakika 18, Dickinson akipiga piano na kusimulia ajali ya ndege-puto R101 iliyoanguka Ufaransa mwaka 1930.

Kwa hiyo singo isikilize mara moja au mbili, ufurahi, uiache. Ukiirudia mara hamsini kabla ya albamu kutoka, siku ikifika utairuka, na mpangilio wa nyimbo utakuwa umekuvunjikia.

Kuhusu kimya chao, punguza presha. The Book of Souls ilirekodiwa Paris mwaka 2014, kisha Dickinson akagundulika na saratani ya ulimi, albamu ikangoja hadi atibiwe. Senjutsu ilirekodiwa 2019 katika studio ileile ikalala miaka miwili, korona ikiwa katikati. Muda wote huo wapo waliokuwa wakiandika kwamba bendi imeishiwa. Na si Maiden tu. Februari 2018 Judas Priest, wakongwe wengine wa metali, walitangaza kwamba mpiga gitaa wao Glenn Tipton anaishi na ugonjwa wa Parkinson, na mwezi uliofuata wakaachia Firepower, albamu yenye nguvu kuliko kazi za vijana wengi ninaowajua.

Siku yenyewe ikifika, ipakue yote usiku kwa bando la bei nafuu, ili matangazo na mtandao unaokatika visikuingilie. Tumia hedifoni, spika ya simu inaua besi, na Maiden bila besi ya Harris ni nusu ya Maiden. Sikiliza kwa mpangilio waliouweka wao. Masikio yakichoka mapema, punguza sauti kabla ya kulaumu hedifoni, maana wakati mwingine tatizo ni albamu yenyewe: Death Magnetic ya bendi ya Metallica, 2008, ilibanwa sauti ili isikike juu muda wote, kiasi kwamba mashabiki waliona nyimbo zilezile zinasikika safi zaidi ndani ya gemu la Guitar Hero.

Maoni usiyaandike usiku huohuo. Mimi nasubiri mpaka niisikie mara tatu, siku tofauti.

Na kama unakusanya santuri, usilipie kabla ya kuisikia. Senjutsu ni santuri tatu kwenye jalada moja, ni mzigo mzito. Nauli ya kuusafirisha kutoka Ulaya ukijumlisha na ushuru inaweza kukaribia bei ya santuri zenyewe. Fulana ni nyepesi, hiyo agiza hata leo. Yule Eddie, kiumbe wa kutisha aliye nembo ya bendi, aliyevaa kisamurai amependeza, hata kwa asiyeijua bendi.