Ganzi ya gego la chini: lignokaini, artikaini, au zote mbili?

Mdogo wangu wa Shela kule kisiwani Lamu, nimelisoma swali lako. Gego lako la mwisho la chini limelala ndani ya taya, mara ya kwanza ulichomwa sindano ya ganzi ya lignokaini na bado ukaruka kitini. Sasa daktari wa Malindi amekwambia ana ganzi nyingine, artikaini, ila utaongeza pesa kidogo. Unataka kujua kama ni dawa kweli au ni njia ya kukukamua.

Mimi ni msaidizi wa daktari wa meno hapa Malindi kwa miaka sasa. Kazi yangu ni kuandaa sindano na kufyonza mate na damu, na gego langu mwenyewe lilipasuliwa kwenye kiti hichohicho. Kwa hiyo nasema niliyoyaona nikiwa nimesimama na niliyoyaona nikiwa nimelala.

Kwanza usiitupie lignokaini lawama zote. Iliundwa Uswidi na Nils Löfgren mwaka 1943, ikaanza kuuzwa 1948, na mpaka leo ganzi nyingine za meno hupimwa kwayo. Ya asilimia 2 iliyochanganywa na adrenalini hulifisha jino kwa kiasi cha saa moja, na mdomo hubaki mzito kwa muda wa saa 3 hadi 5. Adrenalini imetiwa ili ibane mishipa ya damu, dawa isichukuliwe upesi na kidonda kisivuje sana.

Ganzi ya gego la chini ikikataa, mara nyingi kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni mfupa. Taya la chini ni nene huko nyuma, na lignokaini ikichomwa ufizini tu haifiki vya kutosha kwenye mizizi. Ndiyo maana daktari huipeleka sindano nyuma kabisa, upande wa ndani wa taya, pale neva inapoingia mfupani. Mahali penyewe hapaonekani, na maumbile ya watu hayafanani. Ni kama kupita Mkanda, ule mkondo mwembamba wa bahari huko kwenu Lamu, maji yakiwa yamekupwa: njia ipo, lakini ukikosea kidogo tu umekwama. La pili ni uvimbe. Penye usaha pana asidi, na kwenye asidi sehemu kubwa ya dawa hugeuka kuwa katika hali isiyopenya utando wa neva. Hapo hata ununue ganzi ya bei gani, itafanya kazi nusunusu. Wapo wanaokuja shavu limefura, wakitaka wang'olewe leo leo kwa sababu basi la kurudi linaondoka. Daktari huufungulia usaha njia kwanza, na wengine huwapa siku nyingine. Wanaondoka wamenuna, lakini uvimbe ukitulia, siku ile nyingine huwa nyepesi.

Sasa artikaini. Ujerumani waliianza kuitumia 1976, Marekani ikaruhusiwa mwaka 2000. Huja ya asilimia 4, na sifa yake ni kupenya mfupa vizuri zaidi. Lakini sikiliza hapa, maana ndipo wengi wanapochanganya: faida hiyo huonekana ikichomwa upande wa shavu, kandokando ya gego. Ukiipeleka kwenye ile sindano ya nyuma, tofauti yake na lignokaini ni ndogo. Tena kuna taarifa za ulimi au mdomo kubaki na ganzi kwa wiki au miezi baada ya dawa za asilimia 4 kuchomwa huko nyuma. Ni nadra, na wataalamu bado wanabishana kama kosa ni la dawa au la sindano yenyewe, ila madaktari wengi wameona bora wasijaribu bahati. Daktari wetu huchoma lignokaini nyuma, halafu akaongeza artikaini shavuni. Ndivyo nilivyofanyiwa mimi. Nilisikia kusukumwa na mlio wa mashine ukipita mfupani, lakini maumivu sikuyasikia. Huko kusukumwa nawe utakusikia, kwani ganzi ya sindano haikuondoi. Usidhani ndiyo imekataa tena.

Kwa hiyo pesa ya artikaini ni halali, ila muulize ataichoma wapi. Akikwambia yeye artikaini ni ya kila mahali, ulizia zaidi.

Kabla hajashika kisu, jipime. Mdomo wa chini upande ule uwe mzito mpaka kidevuni, na nusu ya ulimi pia. Dakika 10 zikipita na mdomo bado mwepesi, sema. Wanaume wa kwetu wana tabia ya kukaza macho na kunyamaza, kisha huruka wembe ukiwa mdomoni, na hapo ndipo mtu hukatwa pasipostahili.

Vichupa vya ganzi vinavyotiwa kwenye sindano vina hesabu yake. Kimoja cha mililita 1.8 kina miligramu 36 za lignokaini, lakini cha artikaini kina 72. Kipimo cha juu cha dawa zote mbili zikiwa na adrenalini ni miligramu 7 kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 50 basi asipite vichupa 9 vya lignokaini, au 4 vya artikaini, na zikichanganywa huhesabiwa pamoja. Usimsukume daktari "aongeze tu".

Moyo ukienda mbio dakika chache baada ya sindano, hiyo kwa kawaida ni adrenalini, na hutulia. Watu wengi hutoka wakisema wana mzio wa ganzi, kumbe mzio wa kweli wa dawa hizi ni adimu sana. Mwenye ugonjwa wa moyo au presha isiyotulia hupunguziwa adrenalini, isizidi takriban vichupa 2 vya nguvu ya 1 kwa 100,000, au hupewa mepivakaini ya asilimia 3 isiyo nayo kabisa. Hiyo hulishika jino kwa dakika 20 hadi 40 tu, haitoshi kulipasua gego lililolala.

Na miraa, tafadhali. Yenyewe hupandisha presha na mapigo ya moyo, sasa uitie adrenalini juu yake! Usitafune usiku wa kuamkia siku hiyo, na kama umetafuna, mwambie daktari. Hatakusomea hotuba.

Jambo ambalo hukuuliza, na kwako wewe ndilo kubwa, ni safari. Ukimaliza upasuaji asubuhi kisha ukapanda basi la Mokowe, kwenye gati ya kuvukia Lamu, lignokaini itakuachia njiani, pengine Garsen, pengine Witu, na bado una mashua mbele. Kama una jamaa Malindi, lala kwao. Kama huna budi kurudi, mwombe daktari amalizie na bupivakaini ya asilimia 0.5. Huchelewa kushika, lakini hukaa muda wa saa 4 hadi 9, wakati mwingine mpaka 12. Watoto hawapewi, kwa sababu hujitafuna midomo bila kujua. Wewe nawe usiguse kahawa ya moto mpaka uusikie mdomo wako.

Ganzi yoyote utakayopewa, meza dawa kabla haijaisha: ibuprofeni miligramu 400 pamoja na parasetamoli miligramu 1000, ukiwa umekula kitu laini. Parasetamoli isizidi miligramu 4000 kwa siku. Mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu au pumu asimeze ibuprofeni kabla ya kumuuliza daktari. Maumivu yakishapanda, kuyashusha ni kazi. Mdomo au ulimi ukiwa bado mzito kesho yake jioni, mpigie daktari simu siku hiyohiyo.