Kabla hujamwita mwenzako mwongo kikaoni

Hoja ikikubana, ukahisi ina ujanja lakini huuoni, usikimbilie kupinga hitimisho. Rudi nyuma ulitafute neno lililotumika mara mbili.

Hapa Busia, upande wa Uganda, hii nimeisikia sana: "Kitu cha bure hakina faida. Elimu ya msingi ya serikali ni ya bure. Basi haina faida." Watu hucheka, na mzazi mwenye watoto shule ya serikali hukosa la kusema. Mimi huomba tuliondoe neno "bure", tuweke maana yake kwa kirefu, na iwe ileile kila mahali. Tukiweka "kisichotozwa ada", sentensi ya kwanza inaanguka: mvua haitozwi ada, na mahindi yetu yanaitegemea. Tukiweka "kisicho na maana", basi sentensi ya pili ndiyo hasa iliyotakiwa kuthibitishwa, na haijathibitishwa. (Hata hiyo "bure" ya ada ina walakini. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulianza 1997, lakini sare, daftari na chakula cha mchana bado ni juu ya mzazi.) Kama shule zina kasoro, zionyeshwe darasani.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliyaona haya zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Katika hila 13 za hoja alizozitaja, sita alisema zinatokana na lugha yenyewe.

Kwangu mimi, katibu wa chama cha akiba na mikopo, inayosumbua zaidi ni ile ya muundo wa sentensi. Kifungu chetu kimoja kilisomeka hivi: "Mdhamini wa mkopaji aliyechelewa kulipa atatozwa faini." Mkopaji akachelewa. Mdhamini alipoitwa, akalipa siku hiyohiyo. Mweka hazina akadai faini: kwani mkopaji hakuchelewa? Mdhamini akaruka: mimi nimechelewa lini? Wakafika kuitana wezi, na kila mmoja alikuwa amekisoma kifungu sawasawa. "Aliyechelewa" linaweza kumshika yeyote kati yao, maana wote ni watu, ngeli moja. Kingeandikwa "mdhamini wa mkopo uliochelewa", kiambishi kingemaliza kesi. Sasa kinasema: "Mkopo ukichelewa, mdhamini hatatozwa faini akilipa ndani ya siku saba tangu aarifiwe."

Kwa hiyo ukiandika kifungu, mpe mtu ambaye hakuwapo kikaoni. Usimweleze lolote. Muulize tu: nani analipa, na lini?

"Wote" nalo lichungwe. "Wanachama wote wamechanga milioni mbili": kwa pamoja, au kila mmoja?

Si kila anayechanganya maana ni laghai, wengi hawajijui. Mwambie, kwa heshima, "Mzee, neno hili tulichukue kwa maana ipi?" Asiye na hila huchagua mara moja na kikao kinasonga. Akianza kulalamika kwamba unamletea Kiswahili cha darasani, mwombe mwenyekiti maana hiyo iandikwe kwenye kumbukumbu, kwa maneno ya msemaji mwenyewe, kabla kura haijapigwa.