Maswali na Majibu: Dhahabu Katika Mwambatope Uliokunjwa

Swali: Nimeokota jiwe jeusi lenye chembe za manjano zinazong'aa. Je, ni dhahabu?

Jibu: Kwa maelezo hayo, karibu hakika ni pairati, madini ya chuma na salfa yanayofanana na dhahabu. Dhahabu ukiigonga kwa nyundo hubonyea ikawa bapa, ilhali pairati husagika ikawa unga mweusi. Nimelijibu swali hili mara nyingi mno, na naomba wasomaji wagonge kwanza ndipo waandike.

Swali: Tope la baharini lilipataje dhahabu?

Jibu: Tope jeusi lililotuama pasipo oksijeni huhifadhi mabaki ya viumbe na pairati, ambayo hunasa dhahabu kidogo mno. Likizikwa kilomita kadhaa chini, likagandamana kuwa mwamba (ndio mwambatope) na kupata joto, pairati hubadilika na kuachia salfa, nayo dhahabu hushikamana na salfa hiyo na kusafiri katika maji ya nyuzi 300 hivi za Selsiasi. Wanajiolojia wanabishana iwapo dhahabu yote hutoka katika tope lenyewe au sehemu yake huletwa kutoka chini zaidi; anayekuambia kwamba ubishi huo umekwisha, muulize anauza nini.

Swali: Kwa nini mnasisitiza mikunjo ya tabaka za mwamba badala ya rangi yake?

Jibu: Kwa sababu maji ya moto yanayobeba dhahabu yanahitaji njia na pa kutua. Shika daftari jipya, ulipinde: kurasa huteleza moja juu ya nyingine, na mgongoni hutaka kuachana. Ndivyo ilivyokuwa Bendigo, Australia, ambako tabaka za mchangatope (mwamba wa mchanga) na sleti (mwambatope uliobanwa ukawa mgumu) zilikunjwa zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, na kwatzi, madini meupe magumu, ikajaza migongo ya mikunjo kwa umbo la tandiko la farasi, tandiko moja chini ya jingine. Tangu 1851 eneo hilo limetoa zaidi ya wakia milioni 20 za dhahabu, na mashimo ya migodi yakashuka kupita mita 1,000. Kipande cha mshipa wa aina hii kina mistari: utando mweupe wa kwatzi, ukanda mwembamba mweusi wa sleti, kisha utando mwingine. Kila mstari unaonyesha ufa uliofunguka na kuzibika. Unapofunguka, shinikizo hushuka ghafla, na maji hushindwa kuibeba dhahabu. Chuma cha mwambatope nacho huyanyang'anya maji salfa yao, na mzigo ukaanguka hapo hapo.

Swali: Dalali ameniambia kuwa mwamba mweusi ndio mama wa dhahabu. Ninunue eneo?

Jibu: Usinunue. Mwambatope mweusi umejaa duniani, na sehemu kubwa yake haina dhahabu ya kulipa hata mafuta ya karasha, mashine ya kusaga mawe. Dai ramani ya mikunjo na mipasuko, kisha uchukue sampuli mwenyewe, usipokee za dalali, uzipeleke maabara.

Swali: Je, mambo haya yapo Tanzania?

Jibu: Ndiyo. Katika mgodi wa Bulyanhulu, mshipa mkuu unafuata mwambatope wenye kaboni uliokatwa na mpasuko. Geita ni tofauti, kwa kuwa huko dhahabu nyingi imo katika miamba yenye matabaka ya chuma.

Swali: Mawe yetu yana madini ya rangi ya fedha. Tuyachome ili dhahabu itoke?

Jibu: Msithubutu. Huenda ni asenopairati, madini ya chuma, salfa na aseniki, na moshi wake una aseniki, ambayo ni sumu. Harufu ya kitunguu saumu jiwe linapogongwa ni dalili tosha ya kuacha moto.