Maswali na Majibu: Bolti si Dawa ya Sakafu Mbovu

Nimefunga mashine ya kukereza kwa bolti nne na kuzikaza kabisa. Sasa chuma kinatoka kinene upande mmoja, chembamba upande wa pili. Niiuze?

Mashine haina kosa, umeipinda mwenyewe. Mguu mmoja ulikuwa unaning'inia, ukauvuta kwa spana mpaka ukagusa chini, reli zikajisokota. Legeza nati zote. Chukua pima maji ya mashine, yenye usahihi wa milimita 0.02 kwa mita (ile ya waashi haioni kosa hili), uilaze kukingama reli karibu na kichwa (upande unaozungusha chuma), kisha mwisho wa pili. Ongeza vibati vyembamba chini ya miguu hadi povu likae pale pale kotekote. Ndipo ukaze nati kwa zamu, kidogo kidogo, jicho kwenye povu. Likisogea, mguu huo bado haujakalia kitu. Halafu kereza kipande kilichotokeza sentimita 15 bila kukiegemeza, kisu kikipita kwa wepesi, upime ncha zote mbili kwa maikromita. Rudia baada ya wiki chache, maana sakafu mpya hutulia polepole.

Zege lina siku tano. Nitoboe?

Hapana, subiri zitimie siku 28. Bolti ya kutanuka husukuma zege pembeni, na zege changa hupasuka. Ukishatoboa, sugua tundu kwa brashi na ulipulize, la sivyo bolti itashika unga. Bolti ya milimita 12 ikae angalau sentimita 12 kutoka ukingoni.

Keekee ya kusimama ni nzito. Kuna haja ya kuifunga?

Ipo. Uzito wenyewe uko juu, hivyo hupinduka kirahisi.

Mota ya fezi tatu inazunguka kinyume.

Zima swichi kuu, ipige kufuli, hakikisha kwa testa kwamba nyaya zimekufa, kisha badilishana nyaya mbili zozote za fezi. Ethi usiiguse. Kama kishikio cha mashine ya kukereza (chaki, kile kinachobana chuma) hufungwa kwa skrubu, kitoe kabla ya kujaribu: ikienda kinyume, kinaweza kujifungua na kuruka. Hukuuliza, lakini angalia na stata, yaani swichi ya kuwashia mota. Isiyojiachia umeme unapokatika itaiamsha mashine umeme ukirudi, na mkono wako uko ndani.

Jiwe la kunolea liachiwe nafasi gani?

Kiegemeo cha kazi kisizidi milimita 3 kutoka kwenye jiwe, ulimi wa juu (kibati cha kinga) usizidi 6. Kila jiwe likilika, visogeze tena. Na kabla ya kulifunga ligonge taratibu: likitoa sauti butu, lina ufa.